Kuamka amka usiku kulivyofanya ninyang'anywe kitukuu

Wakuu wa humu, salama? Walio wadogo kwangu, marahaba, nimeshaitikia kabla hamjaniamkia.

Mimi bibi wa Mgeta, huku juu milimani. Shule niliacha darasa la pili, kwa hiyo mimi naongea, mjukuu wangu Rehema anachapa. Nimemwambia asiongeze wala asipunguze. Haya yamenikuta mwenyewe, sikuhadithiwa.

Rehema kajifungua mtoto wa kike, akampa jina langu. Kitukuu cha kwanza. Mnajua raha yake? Basi.

Sasa kipindi hicho naamka usiku mara nne. Haja ndogo. Choo kiko nje, nyuma ya migomba, na baridi ya Mgeta mnaijua. Unarudi kitandani miguu barafu, usingizi umeshaondoka. Babu yenu akawa ananiuliza, "Umerudi au ndio unatoka?"

Mchana nasinzia kama kuku mwenye kideri.

Siku moja nimempakata mtoto barazani, nikasinzia. Mtoto akateleza mpaka kwenye kapu la karoti. Hata hakulia. Rehema akamchukua, akaniambia taratibu, "Bibi, kuanzia leo mtoto utamwangalia akiwa mikononi mwangu."

(Hapa Rehema anataka kufuta. Hafuti.)

Wakuu, niliumia. Nimelea saba kwa mikono hii.

Nikaanza kutafuta mchawi. Nikageuza kitanda. Bado. Nikaacha maharage ya usiku. Bado. Nikamshuku jirani yangu Mama Salome, maana alisifia kabichi zangu mara mbili wiki moja. Nikamnunia.

Rehema akanivuta zahanati. Nesi, binti mdogo tu, kaniamkia vizuri, akanipima sukari, sina. Akauliza, "Bibi, kidonge cha presha unameza saa ngapi?"

"Jioni, nikishakula."

"Si tulikwambia asubuhi? Hiki ndicho kinakukojoza. Nani kasema jioni?"

"Nilijiambia mwenyewe."

Niwaeleze. Siku za gulio nashuka na boda mpaka Mlali na mboga zangu. Nikimeza asubuhi, nasimamisha boda mara tatu. Dereva alifika mahali akiona kichaka anapunguza mwendo, hata sijasema. Mtu mzima nikaona aibu, nikakihamishia jioni. Sikumwambia mtu.

Nesi alicheka mpaka akafunga daftari. Akasema nimeze asubuhi, siku ya gulio nimeze nikirudi mchana. Na kopo la chai ya mchaichai ninalokunywa kabla ya kulala, niache.

Wiki ya pili naamka mara moja tu, karibu na alfajiri, naunganisha na swala.

Mama Salome nikampelekea kabichi mbili za kuomba radhi. Hakuwa na habari kama nilimnunia.

Rehema akanichunguza mchana siku tatu kama mlinzi. Ya nne akaniwekea mtoto mapajani, akarudi jikoni. Hapo ndio nikalia.

Nilichojifunza: saa ya dawa usijipangie kwa sababu ya aibu, muulize aliyekupa. Na ukienda kupimwa sema yote, hata la kichaka.

Na wewe unayeamka amka, wewe kinakuamsha nini? Andika hapo chini, nitasomewa.

Lakini sio leo. Huyu mdogo kamuamsha mama yake mara nne jana, na hapa Rehema anachapa anasinzia, simu imeshamdondoka mara mbili.

Mtoto nimeshamnyang'anya.