Mistari Niliyompimia Shemeji

Shemeji yangu anaitwa Pasi na watu wote, hata na wale wanaomheshimu. Kazi yake ndiyo hiyo, kupiga pasi, na ameifanya tangu akiwa bado na nywele kichwani. Meza yake iko nyuma ya meza yangu, katika chumba cha mbele cha nyumba yangu. Mimi ni fundi saa. Kwa miaka kumi na tisa nimetengeneza saa huku mvuke wa mashati ya watu ukinipiga mgongoni, na nimevumilia kwa sababu ni mdogo wake mke wangu, wa pekee, na kwa sababu meza ya dirishani niliiwahi mimi.

Ukitaka kumjua Pasi, mpe sketi ya shule yenye marinda. Anaitandaza juu ya blanketi, anapima kila rinda kwa kidole gumba, anabana pini, ananyunyizia maji, kisha anashusha pasi kwa uzito wake wote. Marinda ishirini na manne, yote ndugu wa tumbo moja. Shati likiwa na mkunjo wa uongo kwenye mkono, hata wa ukubwa wa kucha, halivuki mlango. Analilowesha na kuanza upya, mwenye shati amesimama pale anahesabu saa zangu ukutani. Hajaoa. Ukimuuliza kwa nini, anasema pasi bado haijapata moto. Hashabikii mpira, hanywi, na sikuwahi kumsikia akiimba hata mstari mmoja. Nilidhani nimeshammaliza kumjua.

Dada yake ndiye aliyekuwa mtu wa sauti. Mke wangu aliongoza kwaya miaka kumi na minne, na akiniita kutoka uani nami nimeshafika barabarani, nilisikia mimi na barabara nzima. Kisha akaota uvimbe shingoni, ukatolewa. Daktari alikuwa ametuonya mapema kwamba mshipa wa sauti unapita palepale. Sauti haikufa, iligeuka. Ikawa nzito na ya kukwaruza, kama kiti kinachoburutwa sakafuni. Wiki ya tatu akapokea simu, akasema “haloo,” na mtu wa upande wa pili akamjibu: “Bwana, naomba umpe simu mama mwenye nyumba.” Akaikata. Akaenda akachukua daftari na kalamu, na tangu siku hiyo akawa anatuandikia.

Mtaalamu wa sauti, mama mmoja asiye na mchezo, alimketisha mbele yangu akamwambia, “Mama, sauti ni kama mguu uliotolewa plasta. Usipoukanyagia unasinyaa. Ongea kila siku, hata kama ni kumgombeza mzee hapa. Ukifika mwaka wa pili bila kuongea, hata hii iliyobaki usije ukanidai.”

Mke wangu akaandika: Nimesikia. Na hakuongea.

Nilimbembeleza. Nilimchokoza. Siku moja nilimficha daftari, akaniandikia kwa mkaa kwenye ukuta niliokuwa nimeupaka rangi mwezi huohuo, na alichoandika hakifai kurudiwa hapa. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Nilingoja huo mshindo mwaka mzima na zaidi, katika nyumba yenye saa arobaini zinazogonga, nikawa nasikia kimya tu. Niseme wazi: niliogopa.

Gitaa lililetwa na dereva mstaafu wa malori, mteja wa Pasi wa siku nyingi. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa, na alikuwa anahamia kwa binti yake. Halikuwa gitaa la kukumbatia. Hili hulazwa mapajani chali, kama mtoto anayebadilishwa nepi. Nyuzi zake zimeinuliwa juu ya ubao. Mkono wa kulia unazidonoa, na wa kushoto umeshika kipande cha chuma kizito, cha mviringo, kinachoteleza juu ya nyuzi bila kuzifikisha ubaoni. Ubao wenyewe una mistari tu iliyochorwa, ya kuonyesha sauti gani iko wapi.

Dereva akakaa kwenye kiti cha wateja, akavuta chuma mara moja kutoka chini kwenda juu. Sauti ikapanda taratibu, ikatetemeka kidogo, ikatulia. Pazia la chumba cha nyuma, alikokuwa mke wangu, likasogea. Mimi niliona, na Pasi aliona.

“Shemeji, umesikia?” akaninong’oneza. “Kitu kinaimba na mdomo umefumbwa.”

“Kwa hiyo?”

“Kwa hiyo nikijifunza wimbo wa mama nikaupiga hapa, dada hatavumilia. Atauimba.”

Wimbo wa mama ulikuwa wimbo wa kuanika nguo, mistari minne, ambao mama yao aliutunga mwenyewe kwenye kamba ya uani. Mke wangu aliurithi. Pasi aliusikia maisha yake yote akiwa amebeba beseni.

“Samaki mkunje angali mbichi,” nikamwambia. “Wewe umeshakuwa wa kukaushwa.”

“Hata mkavu hulowekwa, shemeji.”

Dereva alimpa masomo mawili kabla ya kuhama. La kwanza lilipotea lote kwenye neno moja: usikandamize. Mkono uliokandamiza pasi miaka yote hiyo haukujua kitu kingine. Chuma kilizibamiza nyuzi ubaoni, gitaa likalia kama sufuria zinazoanguka. “Hii siyo kola,” dereva akamwambia. “Kiache chuma kijibebe.” La pili lilikuwa kuweka chuma juu ya mstari wenyewe, siyo kando yake, na kuviburuza vidole viwili vya mwisho nyuma ya chuma ili nyuzi zisizomee. Baada ya hapo mzee akapanda gari na mizigo yake, Pasi akabaki na gitaa, kispika kidogo cha kulipazia, na ahadi yake ya kumwimbisha dada.

Sasa nifike kwenye aibu yangu.

Ile mistari ilikuwa imefutika nusu, na iliyobaki haikuwa na mpangilio. Upande wa kichwani ilikuwa imeachana sana, na kadiri ulivyoshuka kuelekea tumboni ilizidi kubanana. Pasi aliitazama kwa dharau ya mtu wa marinda.

“Shemeji, huyu mzee alichorea ndani ya lori linalotembea.”

Nikabana lenzi jichoni, nikakagua, nikakubaliana naye. Hakuna aliyenilazimisha. Toka kichwani mpaka alama iliyokuwa katikati ya uzi nafasi zilikuwa kumi na mbili, na mtu wa kugawa kumi na mbili hapa mtaani ni mimi. Nikachukua rula yangu ya chuma, nikagawa sawasawa, nikatia alama. Pasi akaisugua ile mistari ya zamani kwa msasa mpaka ubao ukawa mweupe, kisha tukachora mipya kwa brashi ninayotumia kwenye namba za saa. Ilipendeza. Nusura niweke sahihi.

Akaanza. Kila siku saa kumi na moja jioni alizima pasi, akafunga kitambaa shingoni, akavaa kucha za bati za kudonolea kwenye vidole vitatu vya kulia, akakaa na magoti yamelingana kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Jicho lake halikutoka kwenye mistari. Alikisogeza chuma mpaka kikafunika mstari kabisa, asikie raha, ndipo adonoe. Wiki ya pili akaacha kubamiza. Wiki ya nne vidole vya nyuma vikajua kazi yao. Mkono wake ulikuwa umelainika, nakiri, ukateleza vizuri kuliko nilivyotegemea. Ila wimbo haukutoka. Ulianza vizuri, kisha kila sauti iliyotakiwa kupanda ilifika nusu ya ngazi ikachoka. Mteja wangu mmoja aliniuliza kama tunafuga mbuzi.

“Ni mazoezi tu,” Pasi alisema. “Mistari iko sawa. Mikono ndiyo haijazoea.”

Mimi nikakubali. Sikuwa na sikio la muziki, nilikuwa na rula.

Wiki ya sita nikaanza kusikia kijiko. Pasi akipiga, huko jikoni kijiko kinagonga sufuria: ko, ko, ko. Nilifurahi nikataka kuruka. “Dada yako anapigia mdundo,” nikamwambia. “Endelea, usikate!” Naye akaendelea, akaurudia mstari wa tatu mara nne, mara tano, na kijiko kikazidi kugonga kwa nguvu. Kumbe hatukujua tunachochea moto gani.

Pazia likafunguka. Mke wangu alitoka na povu la sabuni mpaka kwenye viwiko, akanipita bila kunitazama, akaushika mkono wa kushoto wa mdogo wake na kuusukuma pamoja na chuma, ukapita mstari kwa upana wa kidole na zaidi. Pasi akaurudisha.

“Dada, mstari uko hapa. Shemeji kapima kwa rula.”

Akausukuma tena. Akaurudisha tena, kwa heshima zote, akadonoa. Ile sauti ikafika nusu ya ngazi, ikachoka.

“Juu!” akasema mke wangu. “Juu, we! Mama hakuimba hivyo!”

Ile sauti ya kiti kinachoburutwa. Ilikuwa imechakaa zaidi ya nilivyoikumbuka, na katikati ilikatika, akameza mate akaisukuma tena. “Sogeza. Sogeza, sogeza. Hapo.”

Pasi akadonoa. Mstari wa tatu ukapanda ukafika ulikokuwa unakwenda miaka yote, na hata mimi niliujua. Chuma kilikuwa kimekaa mahali ambapo hapakuwa na mstari wowote. Wote wawili wakageuka wakanitazama, uso ukanishuka: kumbe ile mistari ya dereva, iliyoachana kichwani na kubanana tumboni, ndiyo iliyokuwa sawa. Mke wangu akachukua chupa ya thina mezani kwangu na pamba ninayosafishia saa, akafuta mistari yangu yote kumi na miwili, mmoja mmoja, akarudi kwenye vyombo vyake.

Pasi alilia. Mimi sikulia, nilikuwa na jambo jingine la kumeza. Neno la kwanza tangu ile simu, na halikuwa langu. Nilimwonea wivu mpiga pasi, na sikupenda kujiona hivyo.

Tangu hapo ikawa ndiyo kawaida ya jioni. Pasi anapiga ubao ukiwa hauna kitu, na kutoka nyuma ya pazia inakuja ile sauti: “Juu.” “Juu kidogo.” “Shuka, umepitiliza.” “Hapo.” Wiki za mwanzo ilikuwa maneno matatu manne, kisha kikohozi. Baadaye yakaja matusi madogo ya kidugu, kisha habari za mama yao, alivyokuwa akiwachapa na nguo mbichi. Siku moja akatoka akaniambia, “Chai yako imepoa,” kwa sauti yake hiyohiyo, nami nikainywa baridi bila kulalamika. Mtaalamu alimkagua koo, akasema mguu umeanza kukanyaga, asiache. Asiache hata wiki moja, alisisitiza.

Majirani walimcheka Pasi. Mwaka unaisha na wimbo ni mmoja, nao haujanyooka. Wapiga magitaa wa mtaa wa pili walipita kumsikiliza wakitafuta mtu wa bendi yao, wakasikiliza, wakaaga kwa adabu. Pasi akacheka nao. Nami nilikuwa nimeshasema: wa kukaushwa huyo.

Mwezi uliopita nilikwenda kufunga saa ya ukutani kwenye ofisi moja, nikarudi mapema. Nikiwa nje ya dirisha nikausikia wimbo. Ulipigwa wote, mistari minne, bila kusita popote. Kila sauti ilifika ilikotakiwa, ikatetemeka kidogo kama ile ya dereva, ikatulia. Nikachungulia. Pasi alikuwa peke yake, macho ameyafumba. Aliurudia mara ya pili, vilevile. Nikaweka chini mfuko wa vifaa nisikilize vizuri.

Kisha mlango wa uani ukabamizwa, ndoo ikatuliwa. Mke wangu alikuwa amerudi kutoka kuchota maji.

Pasi akafumbua macho. Akaanza wimbo upya. Mstari wa kwanza sawa, wa pili sawa, na wa tatu ulipofika pa kupanda, nikauona mkono wake. Kazi yangu ni kuona vitu vidogo. Chuma kilifika mahali pake, kikasita, kikarudi nyuma kwa upana wa kidole. Akadonoa.

“Juu!” ikaja sauti kutoka nyuma ya pazia.

“Hapa, dada?”

“Juu kidogo, kichwa kigumu we! Nimekwambia mara ngapi? Mama alikuwa anaivuta, anaivuta hivi...” Na akaivuta mwenyewe, kwa koo lake lililokwaruzika, mstari wa tatu wote mpaka mwisho. Pasi akamfuata chini chini na chuma. Mtu yule hajawahi kutoa shati lenye mkunjo wa uongo tangu nimjue.

Niliingia. Aliniona, akajua nilikuwa pale nje, akainamisha kichwa juu ya nyuzi. Mke wangu akatokeza kwenye pazia, mikono kiunoni, kijasho kimemtoka.

“Baba, hebu sema kweli,” akaniuliza. “Hivi huyu ndugu yangu ana masikio?”

Katika kazi yangu sijawahi kumdanganya mtu kipimo. Nikavua koti, nikalitundika, nikakaa mezani kwangu.

“Hana,” nikasema. “Endelea naye tu.”