Mtani wa Watu wa Udongo

Mianda Ntumba aliujua udongo wa Kolwezi kuliko wengi wa wale waliokuja kumwambia kwamba haukuwa wake. Kwa miaka kumi na mitano alifanya kazi katika maabara ya hospitali ya kampuni, na sehemu ya kazi hiyo ilikuwa kwenda kuuchota: kijiko kimoja nyuma ya wodi, kimoja kwenye mfereji wa maji machafu, kimoja kule kunakomwagwa matope ya kijani ya kiwanda cha shaba, kimoja uwanja wa stesheni, kimoja makaburini. Kila kijiko kilikuwa na chupa yake, yenye jina la mahali na tarehe. Wanawake wa mtaani walimwona akiinama na kuinuka wakasema mama huyu ana mimba inayotamani udongo. Alikuwa na watoto wanne na hakutaka wa tano, lakini aliwaacha waseme.

Aliyemtuma ni Daktari Numbi, mtu wa kaskazini mwa Katanga, mwenye maswali mengi na shati moja zuri. Alitaka kujua kwa nini vidonda vya wachimbaji vinakataa kupona hata mgonjwa akimaliza dawa zake zote. Mianda alipanda vijidudu vya udongo kwenye sahani za kioo, juu ya mchuzi ulioganda, akapanga juu yake vikaratasi vilivyolowekwa dawa. Dawa yenye nguvu huacha duara tupu kuzunguka kikaratasi chake. Isiyo na nguvu, vijidudu humea mpaka juu yake bila wasiwasi wowote. Mwaka hadi mwaka maduara yalipungua, na udongo wenye shaba ndio uliokuwa mbaya kuliko wote. Daktari alieleza kuwa kijidudu kinachojifunza kuistahimili shaba hujifunza papo hapo kuzistahimili dawa, kisha huwafundisha wenzake. Kufikia mwaka themanini na tisa, tetra, zile kapsuli ambazo kila mtu alizinunua sokoni kwa kila ugonjwa, hazikutoa duara hata moja, si kwa udongo wa stesheni wala kwa ule wa makaburini.

Sahani hizo zilioshwa na Dodo. Dodo alikuwa mwenyeji, mtu wa ukoo wa Udongo, na aliposhika sahani mbaya aliinyanyua dirishani na kusema, "Mama Mianda, tunakwisha." Kisha walikaa kula bukari, yaani ugali, pamoja. Fundi wa mashine, mtu wa ukoo wa Mvua, alikuwa akija na kuchota mboga ya Dodo bila kuomba, akimtukana mama yake na bibi yake, na Dodo alikuwa akicheka tu. Ulikuwa utani wao, wenyewe huuita bunungwe, na mtani humwita munungwe: mvua huyeyusha udongo, kwa hiyo watu wa koo hizo mbili huchekana bila kukasirikiana, hata msibani, hata mbele ya maiti. Hayo ndiyo Mianda aliyoyajua kuhusu utani huo. Hakujua kwamba una upande mwingine.

Utafiti wa pili wa Daktari Numbi ulikuwa unakaa nyumbani kwa Mianda, kwenye kiti cha kamba. Baba yake, Tata Kabeya, alitoka Kasai akiwa kijana akaajiriwa kwenye machimbo ya manganizi ya Kisenge, na kwa miaka ishirini na miwili alivuta vumbi jeusi asubuhi na jioni. Alipofika miaka hamsini alianza kutembea kwa ncha za vidole, visigino juu. Hakuweza kurudi nyuma hata hatua moja bila kuanguka. Uso ukakauka, sauti ikashuka. Kisha kikaja kicheko. Hakikuwa na furaha wala sababu. Kitu chochote cha kushtua kilikileta, sufuria ikianguka, mtu akilia, habari ya kifo. Alicheka huku machozi ya aibu yakimtiririka. Huko Kisenge walisema amelogwa, na mchungaji akasema ni kiburi.

Daktari alisema ni vumbi. Manganizi huingia kwa pumzi, hupita kwenye damu, hukaa ndani kabisa ya ubongo, pale panapoiongoza miguu na uso, na huko huziua chembe hai polepole, na hakuna dawa inayozirudisha. "Si yeye anayecheka," alimwambia Mianda. "Ni mlango uliokosa komeo." Aliyaandika yote hayo katika faili moja nene. Mwaka tisini na moja, maduka yalipoporwa na mishahara ikakoma, aliondoka nchini na faili lake, akaahidi kuandika. Labda aliandika. Barua haikufika.

Mwaka wa tisini na tatu ndipo yalipofika Kolwezi yale yaliyokwisha kuanza miji mingine. Redioni walisikia kwamba watu wa Kasai wamekula Katanga ikaisha. Vijana wenye vitambaa vyekundu vichwani walipita nyumba kwa nyumba wakiwaita bilulu, yaani wadudu, na kupiga milango kwa vyuma. Mianda aliambiwa akabidhi ufunguo wa maabara. Aliyetumwa kuuchukua ni Dodo. Dodo aliupokea bila kumtazama usoni. Wiki hiyo hiyo mumewe, Kanyinda, alipanda treni ya mizigo pamoja na watoto wote wanne kuelekea Mwene-Ditu, upande wa Kasai. Mabehewa yalijaa mpaka juu ya paa, na Tata Kabeya, aliyekakamaa vile, hangeweza kuingia wala kushika. Mianda akabaki naye kusubiri treni nyingine. Akamwapia mumewe kwamba atamfikisha mzee akiwa hai.

Walisubiri uwanjani pa stesheni, chini ya turubai, pamoja na maelfu. Choo kilikuwa reli. Watoto waliharisha damu, wakameza tetra, wakafa. Mianda aliwaendea wauguzi wa kanisa akawaeleza kuhusu sahani zake. Walimsikiliza kwa heshima, wakamwambia hawana dawa nyingine. Alikasirika sana, kisha akaona aibu, maana walikuwa wamechoka kuliko yeye.

Siku ya kumi Tata Kabeya alianguka juu ya kokoto za reli akachanika muundi wa mguu mpaka mfupa ukaonekana. Majirani wa turubai wakaja mbio na kapsuli zao. Desturi ilikuwa kuipasua kapsuli na kumwaga ule unga wa njano juu ya kidonda, na kila mtu aliamini. Mianda aliwazuia kwa mikono miwili. Alichemsha maji ya chumvi, akakata shuka lake la arusi vipande, akavichemsha, akavianika juani, akaosha kidonda mara tatu kwa siku bila kuruka hata mara moja. Wakamwita mchoyo anayemnyima baba yake dawa. Wiki ya sita kidonda kikafunga, ngozi mpya ikakaza, laini na ya waridi. Siku hiyo Mianda alifurahi kama mtu aliyepata mshahara wa mwaka mzima. Ule udongo aliokuwa akiuchunguza miaka yote hiyo, safari hii alikuwa ameushinda.

Treni ikaja Jumanne asubuhi. Majina yalisomwa, yao yakiwemo, na foleni ikasogea kando ya barabara inayovuka reli. Walibakiza kama watu thelathini kufika kwenye behewa pale msafara wa maziko ulipotokea barabarani. Marehemu alikuwa kijana anayeitwa Louis, mmoja wa wale wenye vitambaa vyekundu, aliyeanguka kutoka kwenye lori walipokuwa wakienda kufukuza watu. Wanawake walipiga yowe. Tata Kabeya akashtuka, na kicheko kikamtoka, kirefu, cha juu, kikasikika reli nzima.

Msafara ukasimama. Vijana wakamzunguka na vyuma vyao.

"Huyu Mukasai anacheka maiti yetu?"

"Haiko kicheko, batata, njo ugonjwa!" Mianda alijiweka mbele ya baba yake. "Ugonjwa ya manganizi, iko mu kichwa. Dodo! Wewe unajua. Baambie!"

Dodo alikuwa pale, kwani Louis alikuwa mtoto wa dada yake. Alitazama viatu vyake. Mzee aliyetangulia jeneza, Tata Kitenge, mkubwa wa ukoo wa Udongo, alitazama machozi ya Tata Kabeya na mdomo wake uliofunguka, na ilikuwa dhahiri haelewi. Chuma kimoja kikainuliwa.

Hapo Mianda akasema kitu cha kwanza kilichomjia.

"Eko munungwe wenu! Mama yake ilikuwa ya ukoo wa Mvua. Anacheka sababu inamupasa kucheka!"

Tata Kitenge akageuka. "Dodo. Ni kweli?"

Dodo aliinua uso kwa mara ya kwanza. Pengine alidhani anawaokoa. Pengine alikuwa analipia ule ukimya wake. "Ni kweli," alisema. "Minamujua miaka mingi. Eko mutu ya Mvua."

Chuma kikashuka. Nyuso zikabadilika mbele ya macho ya Mianda, mpaka mwanamke mmoja aliyekuwa akilia akacheka na kumtukana Tata Kabeya kwa upole. Tata Kitenge akaushika mkono wa mzee kwa mikono yake yote miwili.

"Mungu njo alikutuma. Toka jana tunatafuta munungwe wa kumuzika huyu mutoto, bote banakimbia. Bila munungwe kushuka mu shimo, hatuzike. Tukuye, tata."

Ndipo Mianda alipoujua ule upande mwingine. Kumbe mtani hachekeshi tu, ndiye mwenye kuzika. Alisihi, akaonyesha treni, akasema mzee hawezi kutembea.

"Tutamubeba," alisema Tata Kitenge. "Treni itangoya." Hakusema kwa ukali hata kidogo. Tangu Januari hapakuwa na mwenyeji aliyesema na Mianda kwa adabu kama ile.

Wakambeba begani. Makaburini mtani ndiye anayemalizia kuchimba, na kwa kuwa mikono ya Tata Kabeya haikuweza, Mianda alishika sepetu akachimba kwa niaba yake. Alifika kwenye udongo mwekundu mzito aliowahi kuuchota kwa kijiko. Kisha wakamshusha mzee kaburini ili apokee maiti. Alisimama kwa ncha za vidole, akanyoosha mikono, mwili ukamlemea, akarudi nyuma hatua moja. Akaanguka. Muundi ukagonga ukingo wa sepetu iliyobaki shimoni na ile ngozi ya waridi ikafunguka kama haikuwahi kufunga.

Alipigwa na mshtuko, akacheka. Na watu wote juu ya kaburi wakacheka pamoja naye, kwa moyo mweupe, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa.

Waliwalisha kuku na bukari na kuwarudisha kwa lori. Reli ilikuwa tupu.

Mianda alianza tena na maji ya chumvi, lakini hakuhitaji sahani kumwambia kilichoingia humo. Siku ya tatu mguu ulivimba, siku ya nne homa ikapanda na mstari mwekundu ukatambaa kuelekea paja. Alijua dawa moja tu ambayo bado ilikuwa inatoa duara kwa udongo ule, ya sindano, na alijua hata rafu ya kabati la hospitali ilipokuwa ikiwekwa. Siku ya tano Dodo akaja na kapsuli ishirini za tetra katika karatasi.

"Na ile ya sindano?"

"Ilikwisha toka mwezi wa pili, mama. Balikamata yote." Akamkabidhi karatasi. "Iko hii tu."

Wawili hao walitazama kapsuli zile. Hapakuwa na watu wengine wawili mjini waliojua vizuri vile kwamba hazina kazi. Mmoja alizipima, mwingine akaosha vyombo. Mianda akaipasua ya kwanza akamwaga unga juu ya kidonda, kwa sababu baba yake alikuwa anamtazama akingoja afanye kitu. Dodo akamshikia mguu.

Tata Kabeya alikufa siku ya tisa, saa sita mchana, mdomo wazi. Mianda alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Alijilaumu kwa uongo wake, akamlaumu Dodo, akamlaumu daktari na faili lake, kisha akakaa chini.

Hakumwita mtu. Lakini kesho yake asubuhi Tata Kitenge alifika na wanaume wanne na masepetu. Mtani akifa, ni watani wanaomzika. Waliambiwa na Dodo, na hawakuona haja ya kuulizwa. Watu wa turubai walikimbia walipoona vile vitambaa vyekundu, na Tata Kitenge na wenzake wakavivua wenyewe wakavitia mifukoni.

Walimchimbia kaburi zuri, refu, lenye kuta zilizonyooka. Walimtukana sana, wakamwambia amekuwa akiyeyusha udongo maisha yake yote na leo udongo umemshika, wakacheka mpaka wakajifuta macho. Tata Kitenge mwenyewe alishuka shimoni, na umri wake ule, akampokea Tata Kabeya kwa mikono miwili, akamlaza kichwa taratibu na kumkunjua vidole vya miguu vilivyokakamaa. Mianda alisimama ukingoni. Aliwachukia, na aliwashukuru, na ile shukrani ndiyo iliyomuuma zaidi.

Walipomaliza, Tata Kitenge alikung'uta magoti, akatoa kitambaa chake mfukoni akakifunga tena kichwani. Alimpa Mianda mkono.

"Pole sana, mama. Alikuwa munungwe muzuri." Kisha akauliza, kwa sauti ile ile ya adabu, "Na treni yako itakuya siku gani?"

"Banasema juma lenye kuja."

"Basi usiikose," alisema Tata Kitenge. "Hii mara, usiikose."