Moteri yenye kutoka Ulaya

Leo nimepata moteri ya kamyo yetu. Iko na jina ya baba yangu juu yake.

Wiki tatu niko natafuta yenye kuenea mu kamyo, miye na mécanicien yetu, fundi Papa Célestin. Asubui, ku soko ya Hewa Bora, mama mwenye kuuzisha ma moteri anatuambia: «Hii inatoka Ulaya.»

Akaiwasha. Ikaitika palepale.

Nikapanguza mafuta. Jina ya marehemu baba. Alikuwa anaiandika na soudure, anaichomelea ku kila moteri yake, kusudi ma garagiste, mafundi ba garage, basiibadilishe.

Njo ile yetu ya zamani. Papa Célestin mwenyewe alisema imekufa, tukamupa aende kuitupa.

Nikamuangalia. Anaangalia viatu.

Mama anauliza: «Itaenea?»

Papa Célestin: «Itaenea, mama. Ninaijua.»

Bandugu, muniambie: nibadilishe moteri, ao mécanicien?