Swichi Niliyoinyamazisha

Nakumbuka asubuhi ambayo mfereji wa bafuni ulimng'ata Wanjiru kwa stima kule Gitothua, akiwa na mimba ya miezi saba. Alirushwa ukutani, akaketi chini akishika tumbo. Fundi aliyeweka stima katika nyumba hiyo, mwanangu, nilikuwa mimi.

Siku mbili kabla ya hapo mama mkwe wake alikuwa ameniita. Kila Wanjiru akifungua shawa ya stima, ile ya kupasha maji moto, swichi ya usalama niliyoifunga ilikata, nyumba nzima ikazimika.

"Fundi, swichi yako inaogopa maji kuliko mbuzi," akaniambia. "Itengeneze, ama nitafute mwingine."

Nilikuwa kijana mpenda sifa. Nikaunganisha waya ukapita kando ya ile swichi, stima isipite ndani yake tena. Ikatulia, nami nikapewa chai. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Baada ya ajali nilimwendea Mzee Otieno wa Makongeni, aliyenifunza kazi. Tulirudi pamoja. Hakunigombeza, aliuliza tu, "Stima iliyokuwa inavuja, ulidhani inaenda wapi?"

Sikuwa nimejiuliza. Tukaanza kuitafuta kama watu waliopotelewa na kuku. Koili inayopasha maji ndani ya shawa ilikuwa imepasuka, stima ikaingia majini hadi kwenye mfereji. Nje, ile nondo ya shaba ya kupeleka ardhini stima inayovuja nilikuwa nimeichomeka chini ya paa, pasipofika mvua, penye mchanga mkavu wa kokoto. Mzee akaushika mchanga, akauacha umwagike.

"Udongo huu hupitisha stima kidogo tu, fyuzi haiwezi kuihisi. Lakini kidogo hicho kinatosha kuua mtu. Ile swichi hulinganisha stima inayotoka na inayorudi. Ikiona imepungua, inakata. Ndiyo hiyo umeiziba mdomo."

Wanjiru alijifungua salama. Ilikuwa neema, si ufundi wangu.

Mwanangu, kinachokusumbua kwa kukuonya usikinyamazishe. Mficha maradhi kifo humuumbua. Kwanza uliza kimeona nini. Na kila mwezi bonyeza kile kitufe kidogo cha kujaribia swichi. Stima isipokatika, usiguse shawa, ita fundi. Mungu akulinde, wewe na watakaooga baada yako.

Nakusihi hivi kwa sababu kabla ya Gitothua nilikuwa nimefanya vivyo hivyo katika nyumba moja ya Mwiki, yenye lango la buluu. Nimerudi kuitafuta mara nyingi. Malango yamepakwa rangi upya, wapangaji wamehama. Sijaipata hadi leo.