Kuni za Babu

Juzi nikipita Nyamasaria nilimwona mwanamke akigonganisha kuni kabla ya kuzinunua, nikamkumbuka Dani, nyanya yangu wa Maseno.

Alasiri moja nilipokuwa mtoto, jua lilikuwa kali, lakini ndani Babu alikuwa akitetemeka chini ya mablanketi mawili. Dani akaniita tukachague kuni. Za mkaratusi alizikataa, maana moshi wake ungemkohoza mgonjwa. Alichukua vijiti vikavu, kisha akaweka kando, karibu na ghala, magogo mazito yaliyonukia utomvu.

"Haya ni ya nani?" nikauliza.

"Ya Babu yako."

Nilifurahi. Alipoenda kuteka maji, nikaburuta gogo moja hadi kitandani kwa Babu, nikamwambia litampa joto usiku kucha. Sikujua kwamba magogo yale yalikuwa ya moto wa matanga, ule ambao waombolezaji huuzunguka uani.

Babu alilitazama kwa muda, akapapasa gome lake.

"Rudisha nje, mama," akaniambia taratibu. "Hili bado."

Dani alikuwa amesimama mlangoni, ndoo kichwani, maji yakimdondoka begani. Babu akamgeukia.

"Umechagua vizuri," akamwambia.