Matanga ya Aliyeketi Mezani

Euphrasie alifika wa kwanza, lakini hakuingia. Alisimama ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la simu lililofungwa, mkoba ameubana kwapani, akautazama mlango wa ule mgahawa wa Wabulgaria jinsi mtu anavyoutazama mlango wa hospitali. Ilikuwa Jumapili mchana, mwezi wa kumi, mwaka 2014. Akina mama wa Kituruki wa mtaa ule wa Saint-Josse, Brussels, walimpita wakivuta vikapu vyao vya magurudumu, wengine wakimgeukia kwa sababu midomo yake ilikuwa inachezacheza. Alikuwa anajifundisha jina.

"Cécile. Naitwa Cécile. Miye mudogo wa marehemu."

Marehemu mwenyewe alikuwa yeye.

Mambo yalikuwa hivi. Mwaka 1998, vita viliporudi Bukavu, Euphrasie alikuwa Kabare anamuuguza mama yake. Mumewe, Onésime, alikimbia na mtoto wao Ornella, mwenye miaka minne. Wakapotezana. Hilo halikuwa kosa la mtu. Vita viliwapoteza wengi. Lakini baadaye mapadri walimpatia namba ya Brussels, akampigia mumewe kutoka kwenye kibanda cha simu, wakazungumza. Onésime alilia. Alisema, "Vumilia, nitakutafutia njia." Kisha ile namba ikafa.

Mwaka 2010 Euphrasie alifika Ubelgiji kwa njia zake mwenyewe, njia ambazo hadi leo hajamsimulia mtu zote. Akaingia kanisa moja la Wakongo, na mama aliyekuwa anagawa vitabu vya nyimbo akaviangusha vyote chini. Hapo ndipo Euphrasie alipopata habari kwamba alikufa. Onésime alimfanyia matanga. Watu walikesha, wakachanga, wakala, wakaimba mbele ya picha yake iliyowekewa ua. Picha yenyewe ilikuwa ya arusi yao. Onésime alijikata kwa mkasi akajitoa pichani, ukabaki mkono wake tu begani mwa marehemu. Mwaka haukuisha, mgane akamwoa Viviane kanisani, na siku hizi ni shemasi.

Onésime hakukosa la kusema. Aliwaambia watu kwamba huyu ni Cécile, mdogo wake marehemu, ndiyo maana wanafanana. Watu wakakubali. Nani aliyekesha na kuchanga anataka kuambiwa kwamba alilia bure? Euphrasie naye wakati ule hakuwa na hati. Onésime alimwambia taratibu, kwa ile sauti yake ya kusomea Biblia, kwamba akisema sana serikali itamwuliza aliingiaje. Akanyamaza. Ornella peke yake ndiye hakudanganyika. Alimtafuta mama yake hadi akamwona, na tangu hapo kila Jumamosi akawa anapanda ngazi za lile jengo bovu la Saint-Gilles, anakula ugali, anasukwa nywele, anarudi kwa Viviane kama ametoka maktaba.

Sasa Ornella alikuwa anaolewa na Dady Mwenze, kijana wa Kikatanga. Mama yake Dady, maman Lucienne, mtu wa Likasi, aliweka neno moja tu mezani: hachukui binti wa watu mpaka amwone mtu wa upande wa mama yake. Ulaya nzima upande huo ulikuwa na mtu mmoja. Onésime akapiga simu. Baada yake akapiga Ornella, analia. "Maman, ni siku moja tu. Nisaidie."

Matonge, mtaa wa Waafrika, haikuwezekana, huko kila meza ina mtu wa Bukavu. Ndipo Onésime akachagua mgahawa huu, ambao hakuna Mwafrika aliyewahi kuukanyaga.

Euphrasie aliogopa mambo mawili. Aliogopa kuteleza ulimi akamvunjia mtoto ndoa. Na aliogopa zaidi kwamba hatateleza, kwamba yote yatakwenda vizuri, Ornella atamwita Cécile mbele ya wakwe bila kukwama. Onésime alimzika mara moja na hakufa. Lakini mtoto akimzika, nani atamfufua?

Onésime alitokea na Ornella, amevaa koti lake la ushemasi, ananukia manukato.

"Unakumbuka yote?"

"Nakumbuka."

"Alikufa na nini?"

"Nilikufa na…"

"Alikufa, Euphrasie. Alikufa."

"Alikufa na vita."

Ornella alitazama pembeni.

Kwenye kioo cha mlango palibandikwa karatasi tatu zenye mistari myeusi pembeni, na kila karatasi ilikuwa na uso wa mtu. Maandishi yalikuwa ya ajabu, lakini hata yangekuwa ya Kifaransa Euphrasie asingeyasoma. "Hawa polisi inawatafuta?"

Mwenye mgahawa, mama mnene aliyefunga kitambaa cheusi kichwani, alikuwa anapangusa meza karibu na mlango. Aliona kidole cha Euphrasie akaeleza kwa Kifaransa cha kuvunjikavunjika, Ornella akatafsiri.

"Ni wafu wa kwao, maman. Huko kwenye mji wao mudogo mutu akikufa wanabandika picha yake kwenye mulango, ili kila mupita-njia ajue. Ule wa katikati ni mama ya huyu maman. Leo ni arobaini yake. Huyu mwenyewe anaitwa Stanka."

Euphrasie alizitazama zile sura tatu. Angalau hawa, alijisemea, walikufa kwanza ndipo wakabandikwa.

Ndani mlikuwa na meza chache zenye vitambaa vyekundu, wanaume wa kazi za ujenzi wakila kimya mbele ya televisheni, na ukutani picha kubwa ya mji mdogo wenye daraja. Hawajakaa vizuri, maman Lucienne akaingia, mwili mkubwa, kitenge kipya, mfuko wa plastiki mkononi. Dady alimfuata nyuma, mrefu, mpole, kama aliyebebwa.

Maman Lucienne alimtazama Euphrasie kuanzia viatu. "Bon. Huyu njo wa upande wa mama?"

"Ndiyo, maman," alisema Ornella. "Ni tante Cécile."

Ulimi haukumkwama. Euphrasie alitoa mkono, akasalimia, akacheka pale walipocheka wengine.

Chakula kililetwa. Kwanza ilikuja supu nyeupe ya maziwa ya mgando na matango, ya baridi.

"Ndugu yangu Onésime," alisema maman Lucienne, "hawa walisahau moto?"

"Njo vile wanakulaka, maman."

"Basi na wagonjwa wao wanawapatia nini?" Aligeukia chupa ya maji iliyoletwa. "Mulete ingine. Mufungue hapa mbele ya maman Cécile. Bantu ya Bukavu bakikuta chupa imefunguliwa, banasema ni sumu."

Wote wakacheka, na Euphrasie pia, ingawa kweli alikuwa ameshaitazama ile chupa mara mbili. Ukaja mchuzi wa maharage ndani ya chungu cha udongo, maharage hasa, yaliyoiva kama ya Kabare, na nyama ya kuchoma. Harufu ya maharage ilimfikia mpaka rohoni. Alijaza kijiko, akakirudisha.

"Haukule, maman Cécile."

"Nakula pole pole, maman."

"Dada yako alikuwa munene kama we?"

"Alikuwa… alikuwa mwembamba kidogo."

"Na matanga yake ulilia wapi? Kule ao hapa?"

Euphrasie alimtazama Onésime. Hilo hawakulipanga. Onésime aliruka haraka. "Kule, maman. Miye nilimufanyia hapa, ye alikuwa bado kule."

"Nauliza ye, siulize we," alisema maman Lucienne, bila hasira. Kisha akaacha, akaendelea na nyama yake. Lakini Euphrasie aliona jicho lake likienda kwa Ornella, likarudi kwake, likaenda tena kwa Ornella. Ile pua wanayo wote wawili. Mama mdogo anaweza kuwa na ile pua, alijiambia. Anaweza. Aliiweka mikono yake chini ya meza isije nayo ikasema kitu.

Ndipo Stanka akaja na bakuli.

Ilikuwa ngano iliyochemshwa, imenyunyiziwa sukari juu nyeupe kama majivu, na vijiko vidogo vingi. Alipita kila meza, hata kwa wale wajenzi, nao wakavua kofia. Alipofika kwao, maman Lucienne hakuhitaji mkalimani. Alimsikiliza mama wa watu mpaka mwisho, akapiga ishara ya msalaba.

"Anasema tukule kijiko ya mama yake. Na kila muntu aitaje marehemu yake, ili naye akule pamoja. Ah, mama huyu ana akili." Alikula kimoja. "Ya mama yako, mama. Na ya mume wangu, papa Mwenze." Alipangusa jicho kwa pembe ya kitenge. "Sasa ya mama ya Ornella. Hatuwezi kumuacha inje na baridi. Alikuwa anaitwa nani?"

Kwenye televisheni watu walipiga makofi.

"Euphrasie," alisema Onésime.

"Jina mzuri. Tumukulie."

Onésime alichota, kijiko kikajaa. "Kwa Euphrasie. Mungu amulaze pema." Akatafuna, akameza, akapangusa sukari mdomoni. "Ni tamu," alisema. Akachota tena.

Dady akala, sukari ikamwingia puani, akakohoa. Kisha bakuli likafika kwa Ornella.

Matanga yale ya kwanza Euphrasie hakuyaona. Waliyala watu asiowajua, na alipowaza habari zake alijikaza akayafanya kama ya mtu mwingine. Haya yalikuwa mbele yake. Alikiona kijiko kikiingia kwenye ngano, kikitoka, kikisimama hewani. Punje mbili zikaanguka. Maman Lucienne alikuwa ameacha kutafuna. Ile ndoa yote, gauni lililokwisha shonwa, ukumbi, kijana mpole wa watu, vyote vilikuwa juu ya kile kijiko. Na Euphrasie, ambaye alikuwa hajalala siku kadhaa akiomba mtoto akwame, alishindwa kumtazama akikwama.

"Kula, mutoto," alisema taratibu. "Ni ngano tu."

Ornella alikirudisha kijiko mezani, na ngano yake.

"Siwezi, maman."

"Huwezi nini?" aliuliza maman Lucienne.

"Siwezi kumukulia. Iko hapa." Alitafuta mkono wa Euphrasie chini ya meza, akauleta juu, akauweka kwenye kitambaa chekundu mbele ya wote. "Mama yangu ni huyu. Hakufa. Hakuna Cécile."

"Maman, mutoto amechoka," alisema Onésime, "unajua mambo ya ndoa…"

"Papa, nyamaza."

Maman Lucienne alimwinamia Euphrasie. "We njo Euphrasie?"

Euphrasie alimgeukia Onésime. Kwa mara ya kwanza tangu aje Ulaya aliona macho yake yakiomba. Maneno ya siku hii alikuwa nayo. Aliyapanga akideki ofisi za Etterbeek kabla wenye ofisi hawajaamka, maneno mengi, mengine machafu, kila moja na mahali pake. Alipoyatafuta, hayakuwepo.

"Ni miye, maman."

Maman Lucienne alisukuma sahani yake mbele, akamwelekea Onésime mwili mzima.

"Na we umekula."

"Maman, acha nieleze kwanza. Wakati ule wa vita, nilikuwa…"

"Umekula. Na ukasema ni tamu."

Onésime alifungua kifungo kimoja cha koti, akakifunga. Wale wajenzi hawakuelewa neno hata moja, lakini wote walikuwa wameacha kula.

"Maman," alisema Dady, na ilikuwa mara yake ya kwanza kusema tangu wakae, "mi ninaoa Ornella. Siko naoa shemasi."

"We nyamaza kwanza. Mambo yako itakuya." Maman Lucienne aliuvuta ule mfuko wa plastiki, akatoa kitenge kilichokunjwa, bado na karatasi yake ya dukani. "Hii nilileta nimupatie Cécile, akitume kule, wakiweke kwenye kaburi. Njo zawadi ya mama mwenye alizala." Akakitazama, akakirudisha mfukoni, na moyo wa Euphrasie ukashuka nacho. "Haitolewe kwenye restaurant, kama vile tunauza. Nitaileta nyumbani kwako. Unaishi wapi?"

"Saint-Gilles. Karibu na Gare du Midi. Ni juu kabisa, ngazi ni mingi."

"Nitapanda. Alafu tutaongea ndoa. Sisemi ndiyo, sisemi hapana. Na huyu," hakumwangalia Onésime, "atakuya kutueleza siku ingine, mbele ya kanisa yake."

Onésime alisimama, akatafuta mlango uko wapi, ingawa ulikuwa nyuma yake. Alipotoka baridi iliingia kidogo, na zile karatasi tatu zikapepea kwenye kioo.

Stanka alikuwa amerudi. Alikitazama kile kijiko kilichojaa, kilichoachwa, na uso wake ukaingia wasiwasi, kama mpishi anayeuliza amekosea wapi. Euphrasie alimwelewa bila lugha. Alikichukua kijiko cha Ornella.

"Kwa mama yako," alisema kwa kile Kifaransa chake cha ndoo na mafagio. "Peke yake."

Akala. Ilikuwa tamu kweli, na hilo lilimwuma kidogo.

Halafu alikivuta kile chungu cha maharage. Yalikuwa yamepoa na mafuta yameganda juu. Aliyala hivyo hivyo, kichwa chini, Ornella akimkatia mkate. Maharage mengine yalidondoka kwenye kitambaa.