Nilivyonasa kwenye mlango wa mashangazi Chiungutwa, nikaokolewa na hamira

Wakuu, heshima kwenu wote, wa zamani na mliojiunga jana.

Ninachoandika kimenikuta mimi mwenyewe, na mke wangu amekaa hapa pembeni anasoma huku ananikosoa, kwa hiyo hata nikitaka kutia chumvi sina nafasi.

Mimi ni kijana wa Mnyambe, Newala. Nasoma uzamili wa baiolojia, na utafiti wangu wote ni kuhusu kitundu cha hamira. Ndiyo, hamira hii hii ya maandazi.

Iko hivi. Kila chembe ya hamira ni seli moja hai. Ndani yake kuna kiini, kina ukuta wa ngozi mbili, na ukutani kuna vitundu, wazungu wanaviita nuclear pore. Kila kitundu kimejengwa kwa protini zilizojipanga pande nane kulizunguka tundu, pete kwa pete, na katikati zinaning'inia nyuzi kama pazia la mlangoni.

Kitu kidogo kinapita tu. Kikubwa hakipiti mpaka kipate protini ya kukisindikiza. Hilo la kusindikizwa likumbukeni.

Picha linaanza.

Barua ya posa ilishafika kwa kina Zuhura, huyu huyu anayenikosoa, Chiungutwa, kule Masasi. Mjomba wake, Mjomba Saidi, akasema anataka kwanza kumwona huyo kijana. Na kwetu mjomba akikataa, basi, hata baba mzazi anabaki kuangalia chini. Nilikuwa naogopa kweli kweli.

Utaratibu ni kwamba mshenga ndiye anatangulia, anabisha hodi, anasalimia, halafu anakuingiza. Mshenga wangu alikuwa Mzee Nandonde, jirani yetu. Tukapanda bodaboda mbili. Ya kwake ikapata pancha njiani, na dereva wangu hakuwa na tabia ya kuangalia nyuma.

Nikafika peke yangu. Mtoto akanichungulia, akasema karibu. Nami, msomi wa milango, nikaingia!

Ndani walikuwa wamejaa mashangazi. Mkubwa wao, Shangazi Somoe, akasimama na mwiko mkononi.

"Nani kakuingiza?"

"Shikamoo shangazi. Nimeingia mwenyewe."

"Marahaba. Toka mwenyewe."

Nikatoka. Mjomba Saidi alikuwa ameshakuja kukaa barazani, anabangua korosho. Akaitikia shikamoo yangu, akauliza nafanya kazi gani. Nikasema nachunguza hamira.

Akaacha kubangua.

"Hii ya kuchachushia mabibo?"

"Hapana mjomba, mimi naangalia milango yake..."

"Mpwa wangu nimpe mpika gongo?"

Wakuu, niliona ndoa inaondoka hivi hivi. Zuhura alikuwa dirishani ameziba uso kwa khanga. Nikamwomba mjomba aniruhusu nimwonyeshe. Akasema onyesha.

Nikaomba mashangazi nane. Walikuwepo saba, wa nane akawa jirani aliyekuja kuomba chumvi. Duara halikukubali pale mlangoni, nikawapanga wanne huku, wanne kule, sayansi inisamehe. Wakashikana mikono kukatiza mlango, khanga zikining'inia katikati.

Nilianza na Shangazi Somoe. Nikaeleza kwamba kwenye hamira pete ya kati inajengwa kwanza, za nje zinafuata, na ukuta haubomolewi hata seli inapogawanyika. Mlango unatobolewa nyumba ikiwa na watu ndani.

"Kwa hiyo mimi ndiyo msingi," akasema Somoe. Akaweka mwiko chini. Nikapata matumaini kidogo.

Kuku akapita chini ya khanga. Nikasema huyo mdogo, haulizwi. Mtoto naye akapita.

"Na wewe?" akauliza mjomba.

Nikajitosa ili waone ninavyokwama. Mimi niliwaambia washikane tu, sikuwaambia wakaze. Walikaza! Kifungo cha shati kikaruka, jirani wa chumvi ndiye aliyeongoza kwa nguvu.

Hapo ndipo akatokea Mzee Nandonde, vumbi mpaka kwenye kope, akanikuta nimenasa katikati ya wakwe zangu wote.

"Hodi wenyewe!"

Hakuuliza kitu. Akanishika mkono, akaanza kusalimia mmoja mmoja. Habari za mashamba huku, poleni na jua kule, watoto hawajambo? Kila aliyesalimiwa akalegeza mkono. Hatua kwa hatua tukapenya mpaka sebuleni. Pale akaniachia, akageuka, akarudi nje kunywa maji.

Nikapiga kelele kama mwehu: "Mjomba, ndivyo inavyokuwa! Msindikizaji anashikana na nyuzi na kuachia njia nzima, akifika ndani anauachia mzigo, anarudi nje!"

Mjomba Saidi akaingia, akanitazama na shati langu lililo wazi.

"Na mzigo ukishafika ndani, unatoka?"

"Mingine inatoka, mjomba. Mingine inabaki."

"Wewe?"

"Nabaki."

Shangazi Somoe akapiga vigelegele, mjomba akacheka hadi akakaa chini. Mimi machozi yalinitoka, sifichi.

Nilichojifunza: nimesoma miaka yote hiyo kwamba mzigo mkubwa haupiti peke yake, na bado nilitaka kupita peke yangu.

Mpaka leo nikifika Chiungutwa mashangazi wananizuia mlangoni, wanampigia simu Mzee Nandonde, anawasalimia wote nane kwa spika ndipo napita. Jirani wa chumvi naye huwa anaitwa.

Haya, uwanja ni wenu wakuu. Wewe uliposimama kwenye mlango wa ukweni, nani alikushika mkono?